Mashine ya Miezi Mitatu

Imefungwa kwa skrubu pembeni mwa meza,
mkono wake umepinda kama kiwiko cha mzee,
na ukiizungusha kwa pupa, inalalamika.
Babu Banza hakuinunua.
Alipewa kule Kipushi, asubuhi moja,
mhandisi akiwa ameshafunga masanduku,
badala ya mshahara wa miezi mitatu.
"Banza, hiki ni chuma safi," alisema,
na gari likaondoka na vumbi lake jekundu.

Chuma hakiliwi. Bibi alisema hivyo
siku ile, na kesho yake, na mwaka mzima.
Halafu akakanda unga, kwa hasira nadhani,
akaupitisha katikati ya meno yale,
ukatoka mrefu, mwembamba, hauna mwisho,
watoto wakaupigia kelele kama nyoka.

Basi sisi ni watu wa tambi kwa sababu ya deni.

Mama Masengo aliziuza Katuba, beseni kichwani,
mchuzi wa nyanya, ndagala kidogo juu.
Wapita njia: "Mama, hii ni bukari imechanwa?"
Alicheka nao. Akauza mpaka kijiko kikagonga bati.
Kaka Kisimba akabomoa kichuguu nyuma ya nyumba,
udongo ule mgumu, mwekundu,
akajenga tanuri lenye tumbo la mjamzito.
Umeme ukikatika (na unakatika)
makala hayana habari.

Desemba tunaamka saa kumi za usiku,
tunaifuata barabara ya Likasi
ambako akina mama wamepanga uyoga juu ya majani:
wa manjano, wa kahawia,
mwingine mpana kama mwavuli wa mtoto.
Kisimba anaunusa, anapatana bei, anaunusa tena.
Dada Numbi yuko Bologna, anasugua masufuria ya watu,
usiku anasomea upishi. Alipoona picha
alituma sauti ya dakika nne, nusu yake kilio:
"Huku wanaupima kwa gramu, Mama, kama dhahabu,
na sisi tuliula
kwa sababu nyama haikuwepo."

Alisema pia mchuzi wetu una makosa.
Vitunguu vimezidi. Pilipili haihusiki.
Mama akasikiliza mara mbili,
akaongeza pilipili.

Na polenta? Muulize Babu.
"Siku ya kwanza niliiogopa.
Siku ya pili mkono wangu ukautambua mwiko.
Miaka kumi na tisa nimempikia Sinyora bukari ya njano,
akinifundisha kuisonga!"
Hapo hucheka mpaka akohoe,
na mteja wa meza ya nne hugeuka kutazama.

Meza ni sita. Ya saba ina mguu mbovu,
ndiyo yangu. Mimi sipiki,
mimi naandika: unga, makala, jibini,
dereva wa Kasumbalesa aliyekula sahani tatu
akaacha saa yake rehani,
maharusi wa Ruashi walioomba uma moja
ili walishane, wakachafua shela.

Babu hajawahi kuketi humu.
Jioni husimama kwenye mlango wa jikoni,
sahani kiganjani, anakula haraka haraka
kama alivyokula Kipushi, nyuma ya pazia,
sikio likingoja kengele.
Tumemvutia kiti.
Anakiwekea kofia.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu,
kabla ya unga, kabla ya makala,
aliniamuru niandike: *Mhandisi. Miezi mitatu.*
Nikauliza, basi tutoe bei ya mashine?
Alifikiri. Akajipangusa mchuzi ndevuni.
"Mashine alinipa zawadi," alisema.
"Mshahara, andika."

Kila Januari nanunua daftari jipya.
Nauhamisha.